Taja Kazi Kabla ya Kutaja Jina: Kuchagua Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta ya Sinema ya Nyumbani

Mazungumzo na wanunuzi wa Kata ya Puge, Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora

 

Nianze na historia ya njia hii tunayoishi kandokando yake. Zamani misafara ilipopita katika nchi ya Unyamwezi kwenda na kurudi pwani, wapagazi hawakubeba vitambaa tu, walibeba pia shanga. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, aliandika kwa kirefu juu ya shanga hizo: aina zake, rangi zake na mahali zilikopendwa. Shanga iliyokuwa mali katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya pili. Kiongozi wa msafara aliyenunua shanga kwa kuvutiwa na uzuri wake, asiulize kwanza anakokwenda wanapokea zipi, aliwabebesha watu mzigo usioweza kununua hata kibaba cha mtama.

Ndugu zangu, kadi ya grafiki ni shanga ya namna hiyo. Uzuri wake hautokani na bei, wala na namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi, bali na kazi unayokwenda kuifanya nayo.

Mimi mwenyewe nilijifunza hayo kwa hasara. Nilipomwoza binti yangu, tulimlipa mpiga picha atuchukulie mkanda mzuri wa harusi. Kabla ya siku ya kuutazama, niliingia katika duka moja nikasema, kwa kujiamini, "Nipe kadi ya grafiki ya GB 4." Nikapewa, nikalipa, nikaondoka. Jioni ile walikaa sebuleni wazazi wa pande zote mbili, pamoja na bibi yake bwana harusi ambaye maradhi yalimzuia kuhudhuria sherehe. Picha ikaanza, ikakwama, ikaruka, sauti ikatangulia midomo. Yule bibi aliuliza kwa upole kama ndivyo mambo ya kisasa yalivyo. Hatimaye mpwa wangu aliileta kompyuta yake ya mezani, iliyokwisha kutumika ofisini na isiyo na kadi yoyote ya kuongeza. Mkanda ule ule ukapita kama maji.

Muuzaji hakunidanganya. Niliomba GB 4, akanipa GB 4. Kosa lilikuwa langu: nilitaja jina la kitu, sikutaja kazi yake. Hayo ndiyo niliyokuja kuyaeleza.

Tuanze na kazi yenyewe. Picha moja ya kiwango cha 4K ina nukta zaidi ya milioni 8, na filamu ya kawaida hupitisha picha 24 kwa kila sekunde. Hakuna flashi wala diski ya nyumbani ingeweza kuhifadhi filamu hizo bila kuzibana. Kwa hiyo filamu hubanwa kama pamba inavyobanwa katika marobota, na kompyuta hulazimika kuifumua tena wakati unapotazama. Namna za kubana ni nyingi. Kuna H.264 iliyotoka 2003, ambayo karibu kila kifaa huifahamu. Kuna H.265, iitwayo pia HEVC, na VP9, zote mbili za 2013. Kisha kuna AV1 ya 2018, ambayo inazidi kutumika katika video za intaneti.

Kufumua kunaweza kufanywa na prosesa kwa nguvu zake za jumla, nayo huchemka na kuchoka. Au kunaweza kufanywa na kipande maalumu kilichojengwa ndani ya kadi kwa kazi hiyo tu, nacho hufanya kwa utulivu na kwa umeme kidogo. Kadi isiyo na kipande cha kufumua HEVC haitakipata kwa kuongezewa kumbukumbu. Kadi yangu ilikuwa na GB 4, lakini mkanda wa harusi ulibanwa kwa HEVC. Ilikuwa sawa na kumpa barua ya Kiarabu mtu asiyeijua lugha hiyo, kisha ukamwongezea meza kubwa ya kuisomea.

Swali la kwanza, basi, ni hili: je, unahitaji kununua kadi? Aghalabu jibu ni hapana. Prosesa nyingi za Intel zina grafiki ndani yake. Tazama namba iliyo baada ya kistari katika jina la prosesa. Ikisomeka i5-7500, hicho ni kizazi cha 7; ikisomeka i5-11400, ni kizazi cha 11. Kizazi cha 6 kilianza kufumua HEVC ya kawaida. Kizazi cha 7 kiliongeza HEVC ya biti 10, ambayo hutumika katika filamu nyingi za 4K, pamoja na VP9. Kizazi cha 11 kiliongeza AV1. Angalia pia herufi ya mwisho: prosesa ya Intel ya mezani ambayo jina lake huishia na F haina grafiki ndani, na hiyo haina budi kuwekewa kadi. Kwa hiyo mwenye fedha za kununua kompyuta ya zamani na kadi juu yake afanye hesabu kwanza. Huenda fedha zile zile zikampatia kompyuta ya kizazi cha karibu zaidi isiyohitaji kadi.

Ukikuta kwamba kadi inahitajika, usikimbilie kadi za michezo. Kutazama filamu ni kazi nyepesi kuliko mchezo wa kompyuta. Miongoni mwa kadi ndogo zinazoonekana sana madukani, GT 710 na GT 730 za Nvidia hufumua H.264, lakini hazifumui HEVC. GT 1030 ya 2017 hufumua HEVC ya biti 10 na VP9, ila haifumui AV1. Nvidia walianza kufumua AV1 katika kadi za RTX za mfululizo wa 30, mwaka 2020. Wala msidhani kwamba upya pekee unatosha. AMD RX 6400 ni ya 2022, na wengi wa ndugu zake wakubwa wa mfululizo ule ule hufumua AV1, lakini yenyewe haifumui.

Jambo la pili ni matundu ya nyuma. Tundu la VGA halipitishi sauti, na picha yake si ya kiwango cha runinga za leo. HDMI hupitisha picha na sauti kwa waya mmoja. HDMI 1.4 huweza kuonyesha 4K kwa picha 30 kwa sekunde, HDMI 2.0 hufika picha 60. Kwa filamu ya picha 24 ile ya kwanza inatosha; kwa mpira wa miguu wa 4K utaitaka ya pili. Kompyuta nyingi zilizotoka maofisini zina tundu la DisplayPort badala ya HDMI. Usinunue kadi nzima kwa ajili ya tundu, kwani kiungo kidogo cha kubadilisha DisplayPort kuwa HDMI kinaweza kumaliza tatizo.

Jambo la tatu ni nafasi na umeme. Kompyuta nyembamba za ofisini hazipokei kadi ndefu, wala kadi yenye bamba refu. Pima kabla ya kwenda dukani, au nenda na kompyuta yenyewe. Tundu la kadi kwenye ubao mkuu hutoa hadi wati 75. Kadi inayotaka zaidi huhitaji waya wa pekee kutoka kwenye pawa saplai, na pawa saplai za kompyuta hizo ndogo mara nyingi hazina waya huo.

Tufanye na hesabu ya LUKU. Kadi ya wati 30 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa 4 kwa siku, kwa siku 30, itakula yuniti 3.6. Kadi ya wati 75 itakula yuniti 9. Mwenye kutumia umeme wa jua atalihisi jambo hili mapema zaidi, betri inapolala katikati ya filamu. Weka pia kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, maana radi na kukatika kwa umeme havisomi dhamana ya kiwanda.

Halafu kuna vumbi letu la kiangazi. Kadi isiyo na feni haina kelele, nayo inafaa sebuleni. Lakini ikiwekwa ndani ya kabati lililofungwa itachemka. Yenye feni inahitaji kupulizwa vumbi mara kwa mara. Chagua kulingana na mahali utakapoiweka.

Sasa tuje kwenye udanganyifu, maana upo. Kuna kadi za zamani ambazo programu yake ya ndani hubadilishwa ili zijitangaze kwa jina la kadi mpya. Kompyuta husoma jina hilo la uongo na kukuonyesha kama ukweli. Zinazoigwa sana ni kadi kama GTX 1050 Ti. Ukikuta kadi yenye jina hilo ina tundu la VGA, ingia shaka, kwa sababu kizazi hicho cha Nvidia hakikuundwa kutoa picha ya VGA. Programu ya bure iitwayo GPU-Z inaweza kukagua kipande chenyewe, na inapogundua kadi ya bandia huiandika hivyo. Kadhalika kuna kadi zilizofanya kazi usiku na mchana kuchimba sarafu za mtandaoni. Hizo si za bandia, lakini zimechoka. Zungusha feni kwa kidole kompyuta ikiwa imezimwa, na utazame kama inakwaruza au inayumba.

Jaribio lililo bora kuliko yote halihitaji utaalamu. Nenda dukani na flashi yenye filamu zako mwenyewe, za aina unazotazama nyumbani. Omba ichezwe kwa skrini nzima kwa dakika 10. Wakati inacheza, fungua Task Manager ya Windows, ingia sehemu ya GPU, utazame mchoro ulioandikwa Video Decode. Mchoro huo ukipanda na prosesa ikatulia, kadi inafanya kazi yake. Mchoro ukilala chini na prosesa ikakaribia asilimia 100, mwambie fundi ahakikishe mpangilio wa programu ya kuchezea video. Hali isipobadilika, kadi hiyo si ya kazi yako.

Nimalizie na sheria, kwa kuwa hapa ndipo kosa langu la siku ile linapoonekana wazi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji wa bidhaa hizo kazi anayoikusudia, akautegemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Lakini aliyeingia dukani akaitisha kitu kwa jina lake la kibiashara tu, ulinzi huo humpungukia. Hali kadhalika, aliyekikagua kitu hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungemwonyesha. Kwa hiyo kagua kwa makini, wala usikague kwa haya.

Sema hivi: "Ndugu yangu, nataka kutazama filamu za HEVC za 4K kwenye runinga yangu kwa HDMI, kompyuta yangu ni hii. Unanipa kadi gani?" Kisha mwombe ayaandike maneno hayo kwenye risiti au kwenye karatasi ya dhamana, pamoja na jina kamili la kadi, namba yake ya utambulisho na muda wa dhamana. Dai risiti ya EFD. Ukidai, hutamkosea mtu. Kutoa risiti ni wajibu wake, na kuidai ni wajibu wako. Ikiwa umepewa maelezo ya uongo au ya kupotosha, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza jambo hilo, na Tume ya Ushindani iliundwa kwa sheria hiyo hiyo. Lakini mlalamikaji asiye na karatasi huwa na hadithi tu, na hadithi ya muuzaji huwa nzuri kama yake.

Wazee wangu, yule bibi aliyetazama harusi kwa kompyuta ya mpwa wangu ametangulia mbele ya haki. Nashukuru kwamba aliiona. Ningekuwa nimemsubirisha mpaka mwezi mwingine wa mshahara, nisingekuwa na la kumwambia. Fedha iliyopotea dukani hutafutwa tena. Jioni kama ile haitafutwi. Nendeni madukani mkijua mnakokwenda, ndipo mchague shanga.

 Wenye maswali wasogee mbele, na waliokuja na kompyuta zao waziweke hapa mezani tuzisome namba pamoja.