Fremu Imepasuka, Usiichomelee Kwanza

Umenunua baiskeli mpya hapa Bujumbura. Hata haijazoea kuteremka mlima wa Bugarama na mzigo wa ndizi, fremu inapasuka kwenye kiungo. Muuzaji anasema: "Ulipakia kupita kiasi. Garanti imekufa."

Usikimbilie kwa fundi wa kuchomelea mtaani Buyenzi. Mafundi wa Buyenzi ni hodari, hilo halina ubishi. Lakini moto ukishapita hapo, ushahidi umekwenda. Usiichomelee kwanza.

Sheria ya mikataba ya Burundi inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro iliyojificha, ile ambayo hukuweza kuiona siku ya kununua. Hata kama hakukupa karatasi ya garanti. Lakini inakutaka uwahi. Ukikaa kimya miezi, unajidhuru mwenyewe.

Basi piga picha ufa ukiwa vile vile. Tafuta risiti. Mwombe fundi asiyehusika na duka aandike alichokiona: chuma kimepinda kwa uzito, au kiungo hakikushika tangu kiwandani? Ugomvi wote umelala hapo.

Kisha mwandikie muuzaji barua, ubaki na nakala. Mwambie aandike sababu za kukataa. Maneno ya mdomo hupeperuka. Akigoma, nenda ABUCO, chama cha kutetea watumiaji, au kwa bashingantahe, wazee wasuluhishi wa mtaa wenu. Mahakama baadaye.

Lakini fremu, usiichomelee kwanza.