Siku 60 za Kuiokoa Nyumba

Mada kuhusu malimbikizo ya mikopo ya rehani, iliyowasilishwa kwa wakazi katika mkutano wa kata

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Usemi huo ni wa kweli, lakini haumfai sana mtu ambaye fedha ya kulipa hana mwezi huu na hataipata mwezi ujao. Kwa mtu wa namna hiyo dawa ya kwanza ni kusema. Nyumba iliyowekwa rehani haipotei kwa siku moja. Hupotea polepole, katika miezi ambayo mwenye nyumba amenyamaza.

Chukulieni mfano wa mfanyabiashara wa nafaka aliyeiweka nyumba ya familia kuwa dhamana ili aongeze mtaji. Msimu ukaharibika, mzigo ukakwama, na rejesho la kwanza likapita bila kulipwa. Afisa mikopo alipopiga simu, hakupokea. Barua ilipofika, aliitia kabatini bila kuifungua. Mkewe, aliyetia saini ya kuridhia rehani, aliamini kwamba marejesho yanaendelea. Miezi kadhaa baadaye tangazo la mnada likabandikwa ukutani, na watoto wakajua kwa mara ya kwanza kwamba nyumba wanayolala ina deni. Mtu huyo hakuwa laghai. Aliona aibu, na aibu ikamla muda ambao sheria ilikuwa imempa.

Muda huo ni upi? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho ya mwaka 2008, inamtaka mkopeshaji ampe mkopaji notisi ya maandishi pindi anaposhindwa kulipa. Notisi hiyo hueleza kosa lenyewe na ukubwa wa deni, na kwamba siku 60 zikipita tangu mkopaji alipoipokea, deni lote litadaiwa kwa mkupuo na mkopeshaji ataweza kuiuza nyumba. Kwa hiyo barua ya benki isifichwe. Ifunguliwe siku hiyo hiyo, tarehe ya kupokelewa iandikwe juu yake, na siku zihesabiwe.

Hata hivyo, asiyeisubiri notisi huwa katika hali bora zaidi. Mkopaji anayeona kipato kimepungua aende kwa mkopeshaji kabla rejesho la pili halijapita. Achukue mkataba wa mkopo, risiti za malipo, na hesabu ya kweli ya mapato na matumizi ya nyumba yake. Anaweza kuomba muda wa mkopo urefushwe, rejesho la mwezi lipunguzwe, au apewe nafuu ya miezi michache. Mkopeshaji halazimiki kukubali kila ombi, lakini mnada humgharimu naye pia, na mara nyingi mteja anayelipa kidogo kwa uhakika ana faida kwake kuliko kesi ndefu. Makubaliano yoyote yawe ya maandishi, yenye saini za pande zote mbili. Ahadi ya mdomo haisimamishi siku 60.

Iwapo hesabu inaonyesha wazi kwamba deni halitalipika, kuna njia nyingine isiyo na fedheha: mwenye nyumba kuomba ridhaa ya mkopeshaji ili aitafutie mnunuzi mwenyewe. Mnunuzi aliyetafutwa kwa utulivu kwa kawaida hutoa bei nzuri kuliko ya mnada. Deni likishalipwa, kinachobaki ni cha familia, nayo huanza upya ikiwa na fedha mkononi. Njia ya kuepukwa ni kukopa kwa mtu asiye na leseni ili kulipa benki. Mikopo hiyo, ambayo mitaani huitwa mikopo umiza, huongeza shimo la pili juu ya la kwanza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wadogo nao wawe na leseni. Mkopaji ana haki ya kuomba kuiona.

Sheria pia imeweka mipaka kwa anayeuza. Rehani ya nyumba ya ndoa huwa halali pale tu mwenzi anayeishi humo alipotia saini, au nyaraka zinapoonyesha kuwa aliridhia. Mnada wa ardhi hutanguliwa na tangazo la hadhara la siku zisizopungua 14, nalo liwe kwa Kiswahili pia. Mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana wakati huo. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria humchukulia kuwa amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Na kabla ya mauzo kukamilika, mkopaji bado anaweza kulipa anachodaiwa na kuikomboa nyumba yake.

Mwenye hoja ya kisheria asingoje nyundo ya dalali igonge. Mnunuzi aliyenunua kwa nia njema hulindwa na sheria, na mara nyingi aliyedhulumiwa hubakiwa na madai ya fidia tu, nyumba ikiwa imekwenda. Malalamiko yaanzie kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa maandishi. Asiporidhika, mteja wa benki anaweza kuyapeleka Benki Kuu ya Tanzania. Zuio la kusimamisha mauzo huombwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu, kulingana na thamani ya shauri. Ugumu wa maisha peke yake hautoshi kupata zuio. Huhitajika hoja ya msingi, kama vile notisi isiyotolewa au mwenzi asiyeridhia.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia wasio na uwezo bila malipo. Mtendaji wa kata na afisa maendeleo ya jamii wanaweza kumwelekeza mkazi walipo.

Ndugu wananchi, kwa mwenye barua kabatini, kazi ya leo ni ndogo: aitoe, aifungue, aisome pamoja na mwenzi wake, kisha kesho asubuhi waende benki wote wawili.