Joto la Ekseli ya Nyuma na Namna ya Kuijua Asili Yake

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda mkalidhani ni kazi ya mafundi peke yao, nalo ni joto la ekseli ya nyuma katika motokaa za njia mbaya, kama Land Rover na Land Cruiser. Lakini kwa watu wakaao mbali na mji, motokaa ya namna hii ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali, na ndiyo ipelekayo mpunga sokoni. Ikiharibika njiani, si mwenyewe peke yake apataye hasara. Kwa hiyo yafaa kila mtu, hata asiyeshika usukani, aijue dalili hii na maana yake.

Tuanze na habari tuliyoiona wenyewe huko Ipogolo. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa barabara kuu hupita hapo, chini ya mlima ambao mji wa Iringa umekaa juu yake, karibu na mto Ruaha Mdogo. Hapo husimama malori na motokaa za kila namna, na mafundi hawakosekani. Siku moja ilifika Land Cruiser kutoka upande wa Idodi, imechukua abiria na magunia ya mpunga. Ilikuwa imepita mjini, ikateremka mlima, na iliposimama ilitoa harufu ya kuungua upande wa nyuma. Dereva alisema kwamba hiyo ni safari ya tatu ekseli kupata moto. Fundi wa kwanza alikuwa amemwongezea oili. Fundi wa pili alimwambia anunue difu nyingine. Mwenye motokaa alikuwa amekwisha azimu kuuza ng'ombe wawili ili apate fedha hizo.

Fundi wa tatu, mzee wa hapo Ipogolo, hakushika spana. Aliuliza neno moja tu: "Joto liko wapi?"

Dereva akajibu, "Liko nyuma, mzee."

"Nyuma ni pakubwa, mwanangu," akasema yule mzee.

Katika neno hilo ndimo yalimo mafundisho yetu ya leo. Joto la ekseli ni kama homa ya mtu. Homa si ugonjwa wenyewe, ni mjumbe wa ugonjwa. Mtu mmoja ana homa kwa sababu ya malaria, mwingine kwa sababu ya kidonda, na dawa zao si moja. Mganga asiyeuliza mahali panapouma hutibu kwa kubahatisha, na gharama ya kubahatisha humwangukia mgonjwa.

Basi tuitazame ekseli yenyewe. Katikati yake pana difu. Ndani ya difu mna gia na beringi, zote zikioga katika oili nzito. Gia hizo hupokea nguvu kutoka katika propela, yaani ule mti wa chuma uzungukao chini ya motokaa, na kuigawanya kwa magurudumu mawili. Kulia na kushoto ya difu pana bomba la chuma lenye shafti ndani yake, na mwisho wa kila bomba ipo habu inayobeba gurudumu, nayo ina beringi zake. Katika motokaa nyingi za namna hii habu imefunikwa na ngoma ya breki. Kwa hiyo joto laweza kuanza mahali patatu: katika difu, katika beringi za gurudumu, au katika breki. Asiyepambanua mahali hapa patatu hawezi kutengeneza neno.

Yule mzee hakukubali kupima joto saa ile ile. Alisema, "Umeteremka mlima kwa breki. Kila ngoma ina moto sasa, nzima na mbovu." Akaiacha motokaa ipoe kabisa. Kisha alimwamuru dereva ashushe abiria, waende pamoja mahali pa tambarare mwendo wa kilomita kumi hivi, bila kukanyaga breki ila kwa haja. Wakati wa kusimama dereva alipunguza mwendo kwa gia, hata motokaa ikasimama karibu peke yake. Hapo ndipo mzee alipoteremka kupima. Alisogeza kwanza mgongo wa mkono karibu na chuma, bila kukigusa, maana chuma chaweza kuunguza ngozi kwa nukta moja. Alipoona joto si kali aligusa, naye alifuata taratibu hii: difu, kisha kulia, kisha kushoto.

Difu ilikuwa na joto ambalo mkono uliweza kulivumilia. Hilo si ajabu, kwa maana gia zifanyazo kazi hazikosi joto. Upande wa kulia ulikuwa vuguvugu. Upande wa kushoto haukusogeleka. Mzee alidondosha tone la maji juu ya ngoma ile, likachemka na kutoweka mara moja. Tone likichemka hivyo, joto limepita digrii 100. Palepale ilijulikana kwamba difu haina kosa, na ng'ombe wawili walipona.

Ilibaki kujua kama ni beringi au ni breki. Waliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, wakainua upande wa kushoto kwa jeki, wakaweka na gogo imara chini ya ekseli, maana mtu hapaswi kuiamini jeki peke yake. Mzee alishika gurudumu juu na chini akalitikisa. Halikucheza, wala lilipozungushwa halikukwaruza kama kinu cha mawe. Beringi ilikuwa nzima. Lakini gurudumu lilizunguka kwa shida, kana kwamba mtu amelishika. Alipolegeza kamba ya chuma ya breki ya mkono, lilizunguka bila taabu.

Sababu ilikuwa ndogo. Katika Land Cruiser nyingi breki ya mkono huvuta breki za magurudumu ya nyuma kwa kamba ya chuma, na nyuma ya ngoma kuna mkono mdogo wa kuivutia. Tope na vumbi vilikuwa vimeushika mkono huo na kuutia kutu. Dereva alipoachilia breki, mkono haukurudi, na breki iliendelea kusugua njia nzima. Waliusafisha, wakautia grisi, kazi ikaisha kabla ya jua kuchwa.

Lakini kila motokaa ina maumbile yake. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka wa 1948, ilitengenezwa kwa miaka mingi na breki ya mkono inayokamata propela nyuma ya gia. Breki hiyo ikigoma kuachia, joto huwa katikati ya motokaa, wala si magurudumuni.

Sasa tuseme joto limeonekana katika difu yenyewe. Jambo la kwanza ni kutazama oili, motokaa ikiwa imepoa na kusimama mahali sawa. Oili yapasa kufika kwenye mdomo wa tundu la kutilia. Ikipungua, chuma husaga chuma. Ikizidi, gia huipiga hata ikatoa povu na kuzidisha joto. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Hilo huwapata wavukao mito: ekseli yenye moto ikitiwa ghafula katika maji baridi, hewa iliyo ndani hujikusanya na kuyavuta maji ndani. Ndiyo sababu juu ya ekseli pana tundu dogo la kupumulia. Tundu hilo likizibwa na tope, ekseli ikiwa baridi huvuta maji, na ikiwa moto husukuma oili nje kupitia sili, hata ikamwagika juu ya breki. Dereva mwenye breki zilizolowa oili asithubutu kuuteremka mlima wa Kitonga.

Jambo la pili ni unga wa chuma ndani ya oili. Unga laini kama majivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole ni habari mbaya ya gia au beringi. Jambo la tatu ni uendeshaji. Motokaa nyingi za namna hii hutumia magurudumu manne topeni na mchangani tu. Dereva akifika kwenye lami akasahau kuyafungua, magurudumu ya mbele na ya nyuma hushindana katika kila kona. Lami haiwaachi kuteleza, na ushindani huo hugeuka joto. Kadhalika, tairi jipya upande mmoja na lililokwisha upande wa pili huifanya difu isipumzike hata katika njia iliyonyoka. Mwisho, ikiwa difu imefunguliwa karibuni, na joto limekusanyika mbele yake pale propela inapoingia, huenda beringi zimekazwa kupita kiasi.

Tena twawaonya: msimwagie maji baridi ngoma yenye moto, kwa maana chuma chaweza kupasuka. Wala msiendelee na safari mkisema kwamba kijiji ki karibu. Beringi iliyokauka huweza kuachia gurudumu, na breki inayosugua huweza kuwasha tairi. Abiria asikiaye harufu ya kuungua na aseme, hata kama dereva atakasirika. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi motokaa yenu ikipata homa, msianze kwa kuuliza bei ya difu. Ulizeni kama alivyouliza yule mzee wa Ipogolo: joto liko wapi? Kwaherini.