Mboni za macho mbele ya mahakama
Mei 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliiamuru Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ifute ndani ya siku 7 data za kibayometria ilizokusanya nchini. Ilisema tathmini ya athari za ukusanyaji huo inayotakiwa na sheria haikufanywa ipasavyo, na ridhaa iliyovutwa kwa ahadi ya sarafu ya kidijitali haikuwa ridhaa halali.

Hukumu hii ni ya haki. Mwaka 2023 vijana walipanga foleni katika ukumbi wa mikutano wa KICC, Nairobi, Worldcoin iwapige picha za mboni za macho ili wapate sarafu zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Kwa asiye na kazi, na hao ni wengi mno, hiyo si pesa ya kuikataa. Nywila ikiibwa utaibadilisha. Jicho utalibadilisha na nini?

Linalouma ni kuchelewa. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwapo tangu 2019, lakini serikali ilisitisha usajili wa Worldcoin Agosti 2023, watu wakiwa wameshapigwa picha. Mahakama ikaamua karibu miaka miwili baadaye. Kamishna wa Data apewe wakaguzi na fedha za kutosha, akague miradi ya namna hii kabla foleni haijaanza.