Namba ya Jalada
(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze kazi yangu serikalini. Nitasema jambo moja tu: jinsi ya kujua ni wapi ombi la mwananchi limechelewa ndani ya kompyuta.

Tangu Amazon ilipotangaza huduma yake ya Lambda mwaka 2014, wengi wamezoea kuandika programu fupi fupi, ambazo huamshwa zinapoitwa na kulala kazi ikiisha. Ya kwanza hupokea ombi, huita ya pili ilikague, nayo huita ya tatu. Seva zipo, ila mwenye programu hazitunzi yeye.

Kila programu huandika kumbukumbu zake peke yake, na hapo ndipo penye taabu. Mwananchi amesubiri sekunde 4. Programu ya mwisho inasema imetumia milisekunde 300. Nani mwongo? Nimeona kijana akilaumiwa wiki nzima kwa ucheleweshaji usiokuwa wake.

Tuliokulia masijala jawabu tunalijua. Jalada lina namba, na kitabu chaonyesha lilitoka lini, likapokelewa lini. Basi ombi lipewe namba moja mlangoni, kila programu iiandike na kuikabidhi kwa inayofuata. Shirika la W3C lilipitisha utaratibu wa kuisafirisha mwaka 2020. Lakini namba ya kitambulisho cha mwananchi isitumike kwa kazi hiyo. Kumbukumbu hizo husomwa na wengi.

Kisha muda. Anayeita apime kwa saa yake mwenyewe, tangu kuita hadi kujibiwa. Anayeitwa apime kazi yake. Toeni huu katika ule: kinachobaki ni safari ya njiani na muda wa kuamka. Msilinganishe saa za mashine mbili, kwani hutofautiana, na mtakuta jibu limetoka kabla ya swali!

Kwa yule kijana, sehemu kubwa ilikuwa ni kuamka. Tena fedha ya umma ilikuwa ikivuja, kwa sababu Lambda hutoza kwa milisekunde, na programu inayomngoja mwenzake hulipiwa kama iliyo kazini. Sasa ya kwanza haingoji. Huweka ombi kwenye foleni, humpa mwananchi namba yake, ikalala.