MJI WA TIRO: JE, HISTORIA YAWEZA KUTHIBITISHA UNABII?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 

Swali lililoletwa mbele yetu ni hili: je, mambo waliyotabiri manabii yanaweza kuthibitishwa na historia? Wengine husema kila neno limekwisha kutimia na ubishi umeisha. Wengine husema ni hadithi tu, zilizoandikwa baada ya mambo kutokea. Mimi nasema, tusipige kelele kabla ya kufungua kitabu. Tuchukue mfano mmoja na tuupime kama tunavyopima magunia ya mahindi: mbele ya watu wote, na mizani iwe moja.

Mfano wetu ni mji wa Tiro, Ezekieli sura ya 26. Tiro ulikuwa mji wa wafanyabiashara wa baharini, katika nchi ambayo leo ni Lebanoni. Sehemu moja ilikuwa bara, na sehemu yenye ngome ilikuwa kisiwani, karibu na pwani. Ezekieli alisema mataifa mengi yangeujia kama mawimbi. Akamtaja Nebukadreza, mfalme wa Babeli, kwamba atauvunja. Akasema mawe, miti na udongo wake vitatupwa majini, pabaki mwamba mtupu wa kuanikia nyavu, na mji hautajengwa tena.

Sasa historia yasemaje?

Kwanza, Nebukadreza aliuzingira Tiro kweli. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika kwamba jambo hilo lilichukua miaka 13. Lakini Babeli haikupata nyara ilizotarajia. Nani anatuambia? Ni Ezekieli mwenyewe! Someni sura ya 29, mstari wa 17 hadi 20. Anasema wazi kwamba jeshi lilitaabika na halikupata ujira kutoka Tiro, na kwamba litalipwa kwa mali ya Misri.

Pili, mwaka 332 K.K., zaidi ya miaka 200 baadaye, alikuja Aleksanda Mkuu. Alitaka kufika kisiwani na jeshi lake, basi askari wakabomoa majengo ya mji wa zamani wa bara, wakatupa mawe baharini, wakajenga njia. Baada ya miezi 7 hivi mji ukaanguka. Mchanga ulijikusanya kando ya njia hiyo, na hata leo kisiwa kimeungana na bara. Mtu akienda huko ataona kwa macho yake.

Tatu, Tiro ulijengwa tena. Katika Matendo sura ya 21, Paulo alikaa pale siku 7 na wanafunzi. Leo ni mji wenye watu, unaitwa Sur, na magofu yake yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984.

Hapo ndipo mjadala unapoanza. Anayeunga mkono atasema: yalitajwa mataifa mengi, si Babeli peke yake, na mawe kweli yalitupwa majini. Anayepinga atasema: Nebukadreza alitajwa kwa jina, hakuuvunja mji wa kisiwani, na mji uko mpaka leo. Wa tatu atasema: unabii ni onyo, si ratiba ya basi. Yona alitangaza Ninawi utaangamia baada ya siku 40, watu wakatubu, na mji ukapona. Wote watatu wana jambo la kusikilizwa.

Iko tena habari ya tarehe. Katibu akiandika mwezi wa Desemba kwamba mwezi wa Machi alisema mvua haitanyesha, nani atamwamini? Ni lazima tujue neno liliandikwa lini. Mwaka 1947 magombo ya kale yalipatikana mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi, na moja ni la Isaya. Wataalamu wanasema liliandikwa miaka 100 hivi au zaidi kabla ya Kristo. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema Wakristo ndio waliotunga maneno ya Isaya. Lakini gombo hilo halithibitishi kwamba Isaya yote iliandikwa kabla ya mfalme Koreshi, aliyeteka Babeli mwaka 539 K.K. Ushahidi hufika mahali, ukasimama.

Hivyo, ndugu zangu, historia yaweza kutuonyesha mji ulizingirwa, mawe yalitupwa, gombo ni la zamani. Haiwezi kutuonyesha ni nani aliyempa nabii neno. Hiyo ni kazi ya imani. Lakini imani isiogope kumbukumbu. Angalieni Ezekieli: aliandika mwaka, mwezi na siku, na jambo lilipokwenda tofauti, sura ya 26 haikufutwa. Zote mbili zimo kitabuni, tuzisome.

Kwa nini nawaambia haya, ninyi watu wa visima na mifugo? Kwa sababu manabii wapo hata leo. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kaunti ya Kilifi, watu walifundishwa kufunga kula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na mingi ilikuwa ya watoto. Aliyezoea kuuliza maswali huokoa nyumba yake.

Basi mtu akija kwenu na unabii, akawaambia uzeni ng'ombe, toeni watoto shuleni, msilime, muulizeni kwa heshima lakini bila woga: Neno hili liliandikwa lini? Lasema nini hasa? Yale uliyotabiri mwaka jana yalikuwaje? Kumbukumbu la Torati sura ya 18 yenyewe inatuagiza tupime. Nabii wa kweli hatakasirika.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Someni Ezekieli 26 na 29. Mnaonaje, zinapatana?
2. Kikundi chenu kitafanya nini mwanachama akiambiwa auze mali kwa sababu ya unabii?