Usiku wa Ijumaa: Hotuba juu ya Kugeuza Tarehe za Daftari Zetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Nimetakiwa na Kamati niseme machache juu ya kazi ya vijana wetu ya kuzitia daftari kuukuu za msikiti katika kompyuta. Kazi hiyo ni njema, nami nawaombea Mungu awalipe, maana wino unafifia na mchwa hawana huruma. Mimi sikusoma mambo ya kompyuta. Nilisoma chuoni, na skuli ya msingi basi. Lakini nina shauri, nalo limetokana na jambo lililokaribia kuwadhulumu mayatima.

Katika daftari moja imo habari ya mzee aliyefariki "usiku wa Ijumaa", na ya mwanawe aliyemfuata "Ijumaa asubuhi". Aliyeandika alikuwa mwanachuoni wa zamani, na kwake siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa, ambao siku hizi watu wengi huuita Alhamisi usiku. Basi baba alitangulia, mwana akamrithi kwa saa chache, kisha haki yake ikawaendea watoto wake. Kijana wetu aliposoma maneno yale alitia Ijumaa, saa mbili ya usiku; na programu, ambayo siku yake huanza saa sita ya usiku, ikampanga mzee nyuma ya mwanawe. Kwa mpango huo mwana alikufa kabla ya baba, na mjukuu, kama mjuavyo, huzuiwa urithi na ami yake aliye hai. Nyumba ilikuwa haijagawanywa bado. Karatasi ikatoka imepigwa chapa vizuri, na mimi mwenyewe, nakiri mbele yenu, niliikubali siku nzima, kwa kuwa ilikuwa safi kuliko daftari. Ni bibi mmoja wa nyumba ile aliyetuzindua. Alisema, "Majeneza mawili yaliswaliwa pamoja baada ya sala ya Ijumaa. Huyo mzee wenu wa kufa Ijumaa usiku alikuwa nani?" Tukarudi kwenye daftari tukiwa tumeinamisha vichwa.

Si kwamba kompyuta husema uongo. Hujibu kama ilivyofundishwa. Programu nyingi za namna hii hazijui Muharram wala Januari. Huhesabu siku mojamoja tangu siku iliyowekwa kuwa mwanzo, kisha huigeuza jumla ile kuwa tarehe ya hijria au ya miladi. Mwaka wa hijria kwa jedwali ni siku 354, na katika kila miaka 30, miaka 11 huongezwa siku moja, jumla siku 10,631. Hata hapo wenye hesabu hawakuafikiana. Wengine huuongeza mwaka wa 16, wengine wa 15. Wengine huanzia Alhamisi, 15 Julai 622, wengine Ijumaa, 16 Julai. Kalenda ya Ummul-Qura ya Saudia nayo ina kanuni yake. Na wazee wetu hawakuandika kwa jedwali: waliandika kwa mwandamo, na mawingu yalipotanda juu ya Ziwa Tanganyika walikamilisha siku 30. Kwa hiyo tarehe huweza kupishana siku moja au mbili bila ya mtu yeyote kukosa.

(Liko na kosa jingine, la kuchekesha. Kijana mmoja alikuta "Mfungo Sita" akaandika mwezi wa sita. Mfungo Sita ni Rabiul-Awwal, mwezi wa tatu! Wazee walihesabu tangu Mfungo Mosi, ambao ni Shawwal.)

Shahidi wetu ni siku ya juma. Papa Gregory aliposahihisha kalenda mwaka 1582, Alhamisi, 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa, 15 Oktoba. Siku kumi zilifutwa, lakini juma halikukatika. Waingereza walipofuata mwaka 1752, Jumatano, 2 Septemba ilifuatwa na Alhamisi, 14 Septemba. Tazameni faida yake. Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, na habari za safari ile zasema ilikuwa Jumamosi. Programu isiyofundishwa mabadiliko ya 1582 itakwambia ilikuwa Alhamisi, 5 Shaaban 903, mwezi bado mchanga. Ukiiamuru ifuate hesabu ya kale, ile ya Julius, itakurudishia Jumamosi, 14 Shaaban. Na jua lilipotua siku ile, kwa jedwali, ulikuwa umeingia usiku wa nusu Shaaban, mwezi ni mpevu. Tofauti ni siku tisa. Asiyeiuliza siku ya juma ataandika historia ya Mombasa gizani, na watu walikuwa katika mwanga.

Hapa kwetu kuna taabu moja zaidi. Wadachi hata 1916, na Wabelgiji hata 1962, waliandika kwa miladi, na msikiti uliandika kwa hijria, na ndoa moja huonekana mara mbili kama ndoa mbili.

Basi naiomba Kamati maneno ya daftari yanakiliwe kwanza kama yalivyo, "usiku wa" na "mfungo" na siku ya juma, pasipo kusahihishwa. Tarehe ya miladi iandikwe kando, pamoja na jina la jedwali lililotumika. Siku zikipingana, ziachwe zikipingana mpaka aulizwe mjuzi. Na daftari zenyewe zisichomwe, kama nilivyosikia ikisemwa. Katibu ameahidi sanduku la chuma, nasi twalingoja.

Ama ile nyumba, imekwisha kugawanywa upya. Wajukuu wamepata fungu la baba yao, na ami yao ndiye aliyewapeleka kuonyeshwa vyumba vyao.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.